Watoto Sita wa Kipato cha Wastani

Sehemu ya Tano

Wiki iliyopita nilikuacha pabaya, mimi nimesimama mlangoni na barua mkononi, na wewe ukafungua ukurasa wa michezo. Sikulaumu. Hata mimi ningekuwa na ukurasa mwingine wa kufungua ningeufungua.

Kwa uliyechelewa, au ambaye gazeti lake lilifungiwa misumari dukani kabla hajalisoma: mimi ni fundi kufuli. Nina mke mmoja, mwalimu wa chekechea, na nina binti mmoja wa miaka saba. Shika sana hiyo hesabu ya binti mmoja, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Sisi watatu tumepata nyumba kwenye mtaa mpya wenye uzio, nyumba mia mbili, nyasi kama zulia. Usinionee wivu bado. Halmashauri iliwaambia wajenzi kwamba hawapati kibali mpaka nyumba moja katika kila kumi iwe ya watu wa kipato cha wastani. Wajenzi wakakubali kwa moyo mkunjufu kabisa, wakatujengea ishirini zetu nyuma ya tangi la maji, kati ya chumba cha pampu na mapipa ya taka. Pale langoni kuna picha kubwa ya mtaa mzima. Mahali zilipo nyumba zetu pamechorwa miti.

Kwa hiyo jina letu ni Wastani. Si kebehi hata kidogo, ni jina la kiofisi. Mlinzi akiniona na mkoba wa vifaa huniuliza, "Wa kazi au wa Wastani?" Na kwa kuwa nusu ya vitasa vya majumba yale nimefunga mimi, mara nyingi nakosa jibu.

Sasa tuje kwenye dhambi zangu. Mbili nimeshakukiria, na nazikumbusha kwa sababu Jumamosi hii zilikuja kunitembelea zimeshikana mikono.

Ya kwanza ni fomu. Fomu ya maombi iliuliza idadi ya watoto. Nikaandika sita. Naapa sikuwa na hila. Kaka yangu ana watoto watano, mimi nina mmoja. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo. Lile neno "wa kuzaa" lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Mimi ninayeona vizuri ndani ya tundu la ufunguo, siku hiyo sikuliona.

Nilipoitwa kuchukua funguo nikakuta nimepewa nyumba ya vyumba vitatu, ya familia kubwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Hapo ndipo ilipobidi niseme. Nikasema, "Ahsanteni sana."

Ya pili ni ya kaka mwenyewe. Kaka ni dereva wa lori. Alikuja kuitazama nyumba akiwa na lori lake, akaegesha tairi mbili juu ya nyasi za mwenyekiti wa kamati ya wakazi, yule tunayemwita Bwana Nyasi. Tena ilikuwa Jumanne. Kanuni za mtaa ziko wazi: wageni wa Wastani ni Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja. Mafundi huingia siku yoyote.

Bwana Nyasi alikuja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. "Huyu ni nani wako?" akaniuliza.

Kaka yangu alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu, amebeba pazia alilotuletea zawadi. Huyu ndiye aliyenibeba mabegani kwenda shule muhula mzima nilipovunjika mguu.

"Ni fundi bomba tu," nikasema.

Kaka alinitazama. Akaliweka pazia juu ya ngazi, akapanda lori, akaondoka. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Basi ni hivyo. Sasa turudi kwenye barua.

Barua ilitoka ofisi ya makazi ya halmashauri, na chanzo chake alikuwa Bwana Nyasi. Miezi miwili nyuma mzee huyu alituandikia Wastani wote kwamba tunapiga kelele. Safari hii alikuwa amewaandikia halmashauri kwamba nyumba namba kumi na saba, yaani yangu, haina kelele za kutosha. Kwamba nyumba imetolewa kwa familia yenye watoto sita, ila tangu tuhamie ameonekana mmoja, na huyo mmoja ni mtulivu kupita kiasi.

Binadamu hana jema. Mkaguzi angekuja Jumamosi saa nne asubuhi. Watoto wote wawepo.

Mke wangu aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri kama leso.

"Haya, baba watoto," akasema. Huniita hivyo akiwa na hasira. "Watoto wako sita wako wapi?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Kwa kaka."

"Yule fundi bomba?"

Ndoa yangu ina miaka tisa na bado mwanamke huyu anajua mahali pa kugusa.

"Nenda halmashauri," akasema. "Kawaambie ulikosea. Ni neno tu, waeleze. Kwani wao hawana kaka?"

"Nikiwaambia watachukua nyumba."

"Wachukue. Tutarudi tulikotoka."

Wakati huo huo binti yetu akapita koridoni akitoka kuoga. Akafika kwenye mlango wa chumba chake. Akabisha hodi.

Lazima nieleze hili. Tulikotoka tulikaa chumba kimoja, na yeye alilala nyuma ya pazia, kichwa chake kikigusa jiko. Siku ya kwanza hapa nilimwonyesha chumba, nikamwambia huu mlango ni wako, na kitasa hiki nimekufungia mimi. Hakuamini. Mpaka leo hubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, husubiri kidogo, hujijibu "Karibu," ndipo aingie.

"Karibu," tukamsikia anasema.

Mke wangu akaitazama barua. Kisha akaniangalia mimi.

"Mpigie shemeji yako," akasema. "Lakini mimi simo."

Shemeji, mke wa kaka, alipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

"Shemeji! Umetukumbuka leo? Au bomba la huku nalo limepasuka?"

Kumbe habari ilikuwa imefika na kutandikiwa mkeka.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hiyo si kawaida yake.

"Kwa hiyo unataka watoto wangu watano," akasema, "waje kulala kwako Ijumaa na Jumamosi."

"Ndiyo, shemeji."

"Wote watano."

"Wote."

"Mungu anajibu maombi kwa njia za ajabu," akasema. "Kaka yako yuko safarini, anarudi Jumapili. Hajui lolote, na mimi sijui lolote. Niwapakie nguo za siku ngapi?"

"Mbili."

Akapakia za wiki tatu.

Ijumaa mchana nikafika nao langoni. Mlinzi akatoa orodha, akaweka kidole kwenye namba kumi na saba. Watoto: sita. Hakuna kanuni ya kuwazuia, kwa sababu kwenye karatasi walikuwa wanaishi humo tangu mwanzo. Ni wakazi halali kuliko paka wa Bwana Nyasi.

"Hawa walikuwa wapi miezi yote mitatu?" akauliza mlinzi.

"Shule ya bweni."

Akamtazama wa mwisho, Kitindamimba, ana miaka minne, kidole puani. "Hata huyu?"

"Huyu ana akili sana," nikamwambia.

Nikutajie jeshi langu. Kuna Dada Mkubwa, miaka kumi na miwili, msichana anayekutazama mpaka unakagua vifungo vya shati lako. Kuna mapacha wa miaka kumi, ambao hula. Kuna Hapana, miaka minane, aliyepata jina hilo kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali duniani. Na kuna Kitindamimba. Ongeza binti yangu, wanatimia sita. Hesabu ya fomu ikakaa sawa kabisa.

Tatizo lilikuwa neno moja.

Watoto wa kaka huniita baba mdogo. Ndivyo inavyopaswa kuwa, na hakuna neno tamu kama hilo. Ila mbele ya mkaguzi hilo "mdogo" lingeniua. Baba mdogo ni mdogo wa baba, na mkaguzi hakuzaliwa jana.

Mke wangu alikuwa amesema hayumo. Alivumilia kama dakika kumi kuona ninavyowafundisha vibaya, ualimu ukamshinda. Akawapanga mstari sebuleni, mikono nyuma.

"Akija mgeni, huyu tunamwitaje?" akauliza akininyooshea kidole.

"Baba mdogo!" wakaitikia.

"Tunatoa 'mdogo'. Tunabaki na nini?"

"Baba!"

"Hongereni. Na tukitaka kujibu swali la mgeni tunafanyaje?"

Akainua mkono wake mwenyewe juu.

"Tunanyoosha mkono kwanza. Tunasubiri tuambiwe. Tukifanya vizuri tunapata pipi. Hapana, umeelewa?"

"Hapana," akasema Hapana.

Dada Mkubwa ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. "Mama mdogo, na baba yetu tunamwitaje?"

Mke wangu akanigeukia kwa upole wa kuogofya. "Mwulize baba."

"Baba hayupo," nikasema. "Yuko safarini. Kwa hiyo hakuna haja ya kumwita."

Dada Mkubwa akashusha mkono. Aliendelea kunitazama, nami nikakagua vifungo vyangu.

Jumamosi saa nne kamili wakaingia. Bwana Nyasi mbele, kama mwenye nyumba, amevaa suruali iliyonyooshwa. Nyuma yake mkaguzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali, mwenye sauti ya kufoka. Alikuwa mama mmoja mpole, miwani imefungwa kwa uzi, faili la kijani kifuani.

"Hodi humu. Baba, hamjambo? Poleni kwa usumbufu."

Wapole ndio wabaya. Mkali unamdanganya bila kujisikia vibaya.

Watoto walikuwa wamepangwa sebuleni kwa urefu, wamechanwa nywele, wamepakwa mafuta wanang'aa. Bwana Nyasi akahesabu kwa midomo. Akarudia. Uso ukamshuka taratibu, na nikiri kuwa ile ilikuwa furaha yangu ya pekee tangu nihamie mtaa huu.

"Ni sita," mkaguzi akasema.

"Naona," akasema Bwana Nyasi.

"Na wewe uliandika mmoja."

"Walikuwa kimya sana."

Mkaguzi akainama mbele ya Hapana. Kati ya watoto sita wa kuchagua, akamchagua Hapana.

"Mwanangu, huyu ni baba yako?"

"Hapana," akasema Hapana.

Bwana Nyasi akafufuka. Mke wangu alikuwa mwepesi kuliko sote.

"Unaitwa Hapana?" akamwuliza.

"Hapana."

"Una miguu minne?"

"Hapana."

"Unataka pipi?"

Hapo mtoto alipata mtihani wa maisha yake. Tulimwona anahangaika. "Hapana," akasema mwishoni, na machozi yakamlenga.

Mkaguzi akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye uzi wake. "Nina wa namna hii nyumbani," akasema, akatia alama ya vema kwenye faili. Nikapumua.

"Sasa baba, nipatie vyeti vya kuzaliwa, nimalize niwaache mpumzike."

Wasomaji wangu, mimi hufungua milango ya watu waliojifungia nje. Nimefungua kufuli zilizoota kutu miaka ishirini. Lakini akili yangu mwenyewe, ikijifunga, hakuna fundi.

"Vililoa," nikasema.

"Vililoa na nini?"

"Maji. Bomba lilipasuka. Jikoni. Likamwaga maji yote kwenye kabati la nyaraka."

"Mnaweka nyaraka jikoni?" akauliza Bwana Nyasi.

"Sisi ni watu wa wastani," nikamjibu. "Nafasi hatuna."

Mkaguzi akaandika. Hakuonyesha kama ameamini au hajaamini. "Hilo bomba limeshatengenezwa?"

"Tunamsubiri fundi."

Kama kuna siku ulimi umewahi kumponza mtu, ni hiyo. Sikumaliza kumeza mate, mlango wa mbele ukabishwa. Ngo, ngo, ngo. Taratibu, mara tatu. Mkono ule ningeutambua hata usingizini.

Kitindamimba akachomoka kwenye mstari, akapanda kochi, akachungulia dirishani. Kisha akanigeukia, uso unawaka kwa furaha, akafanya kama alivyofundishwa, bila kosa hata moja.

"Baba!" akapiga kelele. "Baba amekuja!"

Pampu ya maji nyuma ya nyumba ikawa inasikika vizuri sana.

"Baba yupi?" akauliza mkaguzi.

"Huyu kila mwanaume kwake ni baba," mke wangu akasema haraka. "Adabu tu."

"Malezi mazuri," mkaguzi akaitikia, ila kalamu yake ilikuwa imesimama.

Bwana Nyasi alikuwa ameshafika dirishani. "Ah! Huyu ninamfahamu. Huyu si yule fundi bomba aliyeniharibia nyasi?" Akaenda mwenyewe kufungua mlango wangu.

Kaka akaingia. Alikuwa na ovaroli la safari, vumbi mpaka kwenye nyusi, spana moja kubwa ya lori mkononi, na shingoni kadi ya njano ambayo mlinzi huwavika mafundi. Kwa hesabu zangu alitakiwa kuwa mbali sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba alirudi mapema, akakuta nyumba yake kimya kama shule wakati wa likizo, akamwuliza mkewe watoto wako wapi, na mkewe asiyejua lolote akamweleza lote. Kwa kuwa haikuwa Jumapili, langoni aliambiwa mgeni wa Wastani haingii. Akasema basi yeye ni fundi. Wakamfungulia.

Alisimama mlangoni. Akawatazama watoto wake watano waliopakwa mafuta, mikono nyuma. Mapacha walikuwa wanatazama sakafu. Kitindamimba akashuka kwenye kochi, akamkimbilia, akamkumbatia mguu.

Kaka akaweka mkono juu ya kichwa chake, akaniangalia mimi. Nilijua amekuja kunitandika, na kwa hakika nilimwombea afanye hivyo. Kipigo ningekielewa.

"Na wewe ni nani, baba?" mkaguzi akamwuliza kwa upole.

Sekunde ile nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa matatu tu, ni kaka yangu. Sikuyasema. Nilifikiria mlango wa binti yangu, nikafikiria na kochi jipya, na sitaki nikudanganye kwamba mlango peke yake ndio ulionifunga mdomo.

"Mimi?" kaka akasema. "Mimi ni fundi bomba. Ndivyo ninavyojulikana hapa."

Akanigeukia.

"Bosi, bomba liko wapi?"

Nimetukanwa sana katika kazi yangu. Nimeitwa mwizi na watu niliowafungulia milango yao. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile "bosi". Mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu aliniita bosi, na mimi nikamwonyesha jikoni kwa kidole.

Akapita, akapiga goti mbele ya sinki, akafungua kabati la chini. Mlikuwa na sufuria mbili na ufagio, pakavu kabisa. Akaingiza kichwa humo humo, akaanza kugongagonga na spana kama mtu mwenye kazi. Kitindamimba akachuchumaa pembeni yake, ameshika mfuko wa ovaroli.

"Sasa baba," mkaguzi akaniambia, "kwa kuwa vyeti vimeharibika, kuna fomu ya tamko." Akaitoa kwenye faili, akaisoma kwa sauti ya kusomea watoto hadithi. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kuwa watoto sita waliotajwa ni watoto wangu wa kuzaa, na wanaishi nami katika nyumba hii."

Safari hii "wa kuzaa" ilikuwa kwa herufi kubwa.

Kugonga kukasimama jikoni.

"Andika majina yako yote matatu," akasema. "Lako, la baba, la babu. Halafu sahihi."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, bahati mbaya. Jina langu likakaa, jina la baba yetu likakaa, likasomeka hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. Nikatia sahihi. Mke wangu akasema anakwenda kuangalia chakula jikoni, wakati jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi. Akaenda akasimama dirishani, ametupa mgongo.

Nilidhani imekwisha.

"Imebaki sehemu ya shahidi," mkaguzi akasema, akigeuza ukurasa. "Kanuni inataka shahidi mtu mzima asiye ndugu wa mwombaji."

"Mimi hapa," akasema Bwana Nyasi, kifua mbele.

"Wewe ndiye mlalamikaji, hufai." Akageukia jikoni. "Fundi! Samahani, fundi, njoo mara moja."

Kaka akatoka akijifuta mikono kwenye ovaroli, mikono mikavu. Kitindamimba nyuma yake, hajaachia mfuko.

"Huyu baba na wewe mna undugu wowote?" mkaguzi akamwuliza.

Kaka hakumtazama mkaguzi. "Mimi ni mtu wa kuja na kuondoka tu, mama," akasema. "Bosi ndiye anayejua nani ni ndugu yake."

Mkaguzi akanigeukia. Watoto wote sita wakanigeukia. Dada Mkubwa alikuwa ameinua kichwa, na safari hii nilishindwa hata kutafuta vifungo vya kukagua.

"Hatuna," nikasema.

Mke wangu alifumba macho. Niliona kwenye kioo cha dirisha.

"Vizuri," mkaguzi akasema, akamkabidhi kaka kalamu. "Na wewe majina matatu, fundi. Lako, la baba, la babu."

Kaka akainama juu ya meza. Fomu ilikuwa mbele yake, mstari wangu juu, mstari wake chini. Akaandika jina lake la kwanza polepole, kwa ule mwandiko wake mkubwa wa dereva wa kujaza kitabu cha safari. Kisha kalamu ikafika kwenye jina la pili, ikasimama.

Alilitazama jina la baba yetu pale juu, lilivyokaa kwa mwandiko wangu mzuri. Baba alitulea sisi wawili peke yake, na alipokuwa anaondoka duniani alishika mkono wangu akauweka ndani ya mkono wa huyu. Hilo sijawahi kuliandika popote.

Kaka akainua macho. Hayakuwa na hasira tena. Afadhali yangekuwa nayo.

"Bosi," akaniuliza, sauti ya chini, "hapa pa jina la baba, niandike nani?"

Mkaguzi akavua miwani. Bwana Nyasi akasogea karibu na meza kama anayenusa kitu kinaungua. Mimi nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze hapakuwa na uongo humo ndani, wala hapakuwa na ukweli.

Kitindamimba akaachia mfuko wa ovaroli. Akasimama wima, akanyoosha mkono juu kabisa, akasubiri, kama alivyofundishwa.

"Ehe, mwanangu," mkaguzi akamwambia. "Sema."

"Mimi najua," akasema. "Mimi najua jina la babu."